Picha Arobaini kwa Filamu Moja

Jumapili, 2 Machi 2025
Mume wangu Muindi amesema Jumatatu ya tarehe kumi kakake anakuja kumpeleka mama yao Kitui, "akapumzike." Miguu ya Susu, nyanya kwa Kikamba, imefura mpaka viatu vimekataa. Anataka kitu kimoja tu — picha ya karatasi, yeye na wajina wake, binti yangu Nzisa. Si ya simu. Za simu zote ziliibiwa pamoja na simu yenyewe. Utapata, Susu! Nina ile kamera ya plastiki niliyoipata kwa mfuko wa koti, mtumba wa soko la Gikomba.

Jumatano, 5 Machi
Wabwire wa studio ya picha, Pumwani, amenipa filamu. Moja, ya mwisho aliyokuwa nayo. Picha thelathini na sita. Alipoona kamera yangu alicheka akashika meza — eti, Mama Nzisa, hiyo si umpe mtoto achezee! Ameniazima yake. Ya chuma, nzito! Nimeibeba kama mtoto mchanga.
Filamu nimeweka mwenyewe, niliona haya kumuuliza. Ile ya plastiki, filamu isiposhika haibonyezeki. Hii imebonyezeka mara moja. Kla! Hiyo ndiyo mashine.

Ijumaa, 7 Machi
Tumepiga mlangoni, kwenye mwanga. Susu na leso yake nzuri, amempakata Nzisa. "Wajina, utanikumbuka?" Nzisa akamvuta pua. Tukacheka. Susu akakohoa — hakikuisha upesi, hicho kikohozi.
Nimepiga thelathini na sita, bado inakubali. Arobaini! Kamera nzuri ina baraka, inaongeza.

Jumapili, 9 Machi
Uji hakugusa. Ile leso ameikunja, akasema ni ya Nzisa. Nikamwambia, Mama, utaivaa mwenyewe ukirudi. Akaiweka mikononi mwangu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeamkia kwa Wabwire. Nikamwambia arobaini. Hakucheka. Akauliza, ulipokuwa ukivuta filamu, hiki kidude cha kushoto kilikuwa kinazunguka? Sikujua hata kipo. Akakizungusha — chepesi, hakijashika kitu. Akafungua mgongo. Filamu yote ndani ya mkebe wake, mpya, ule ulimi wa mwanzo tu uko nje, haujashika. Hakuna picha hata moja!
"Yangu hubonyezeka hata ikiwa tupu," akasema polepole. Akataka kuniwekea tena. Nikamwambia nipe filamu yangu, ile ya plastiki hainidanganyi.

Niko nyumbani. Naandika nikingoja. Filamu iko kwa ile ya plastiki, imeshika — nimejaribu kwa sufuria, ikabonyezeka. Muindi na kakake wanapakia mizigo kwa gari. Susu tumemkalisha mlangoni, Nzisa amemshika magoti. Macho amefunga. Nimesema, Mama, tazama huku kidogo. Nimesema tena. Muindi anasema nimwache, amelala.
Nzisa amempanda mapajani, amemvuta pua. Susu hajacheka, hajakohoa.
Mwanga bado uko. Akifungua macho tu. Nimebakisha thelathini na tano.