Sadala Katupa Nne

Jumanne, 1 Julai

Imetoka! Gemu yetu iko mtandaoni tangu jana. Dunia nzima inaweza kuicheza — mradi iwe na bando. Miaka minne, mimi na Keriako. Yeye anaandika programu, mimi nachora na kutunga maneno ya wahusika. Watu sita wanatoka kijijini kumsaka zimwi aliyemeza mvua. Unawaongoza wote sita, unawatazama kutoka juu, mnapigana kwa zamu kama kwenye bao. Ya kizamani kabisa. Tulitaka hivyo hivyo.

Maoni ya kwanza: mtu wa Moshi, nyota tano, "safi". Basi. Neno moja. Nimelirudia kulisoma mpaka dada Rhoda kaniuliza kama limebadilika.

Maoni ya pili: maneno yamezidi, mtu kaja kupigana si kusoma gazeti. Huyo ni mvivu.

Maoni ya tatu ni ya Rhoda mwenyewe, kayatoa akiwa anafua. Eti kwenye watu sita mwanamke ni mmoja, na ndiye mpishi. Nikamwambia anapika sumu ya mishale. Kasema jiko ni jiko.

Jumatano, 2 Julai

Mchana kwa Mama Mashavu, wali maharage. Nilichelewa kama kawaida. Keriako kakaa, sahani iko mbele yake, hajagusa. Mpaka nilipovuta kiti ndipo akashika kijiko. Miaka yote yuko hivyo. Sijapata kuona mtu anayependa chakula kilichopoa kama huyu!

Habari kubwa: Sadala anaicheza. Sadala wa Dar, yule mwenye chaneli ya gemu — akisifu kitu, kesho yake nchi nzima wanacho. Akitema, kimekufa. Kesho jioni anatoa maksi. Sisi hatuna tangazo, hatuna mtu mjini, tuna Sadala tu. Miaka minne iko mdomoni mwake.

Keriako hana wasiwasi. Anatafuna taratibu. Kasema anaomba kitu kimoja: jamaa asipoelewa, aulize.

Alhamisi, 3 Julai

NNE KWA KUMI.

Ngoja nipumue.

Kaanza vizuri. Michoro kaisifu (mimi!). Mazungumzo ya mkata mkonge yamemchekesha (mimi tena!). Kasema inamkumbusha gemu za zamani, zile za kukaa wiki nzima unapanga nani abebe ngao. Mimi na Rhoda tumeshikana mikono mbele ya simu.

Halafu akafika pangoni kwa zimwi. Watu wake watano wameanguka. Kabaki morani peke yake, hoi, kibuyu cha maziwa kimejaa kiunoni. Akinywa anapona. Sadala anabonyeza. Hanywi. Anabonyeza tena. Hanywi! Morani kafa na maziwa yake. Sadala kacheka mpaka kamera imetikisika. Hitilafu ya aibu, kasema, hawa vijana wa Korogwe hawakuijaribu hata mara moja.

Watu wanatumiana kile kipande. Mpaka fundi baiskeli wa hapa nje kaniuliza kwa nini mtu wangu hanywi maziwa.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemuuliza Keriako. Nilidhani ataruka juu. Wala. Kasema si hitilafu, kaiweka mwenyewe, mwaka wa kwanza kabisa.

"Morani hali peke yake," kasema. "Lazima mwenzake awepo."

Kwa hiyo kama kundi lote limeanguka, hakuna wa kumpa sababu ya kunywa. Ndiyo gemu yenyewe, kasema: walinde wenzako.

Sawa! Nzuri! Lakini miaka minne hukuniambia? Kasema alidhani naijua. Nitaijulia wapi? Mmasai ni yeye. Babu yangu alikuja kukata mkonge Ngombezi, kwetu ukipata chakula unakula kabla hakijaonekana. Nikamwambia basi tuweke maandishi, sentensi moja tu, watu waelewe. Kakataa. Mchezaji akiona mtu ana maziwa na hanywi, aulize kwa nini. Nikasema Sadala hakuuliza, katutukana. Keriako akageukia kompyuta yake, na huyu akishakataa unaweza kupanda mahindi ukavuna, bado kakataa.

Jioni kapanda basi kwenda kwao Mazingara, ng'ombe wanachanjwa. Nusu saa baadaye ujumbe kutoka kwa Sadala mwenyewe! Kaandika kiungwana tu. Tukirekebisha lile la maziwa, atacheza upya na atasema hadharani.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeufuta. Mstari mmoja tu wa programu, ule unaomzuia morani kunywa. Toleo jipya liko hewani. Keriako simu haipatikani, Mazingara mtandao ni wa kuotea. Nitamwambia akirudi. Atanielewa.

Jumatatu, 7 Julai

Saba! Siku ya Sabasaba Sadala katupa saba! "Vijana wa Korogwe ni wasikivu," kasema, morani anagugumia maziwa nyuma yake. Wachezaji wanaingia kama siafu. Rhoda kakaanga chapati, redio juu, nimecheza mpaka jirani kagonga ukuta.

Saa kumi Keriako kapiga. Kapanda kilimani kutafuta mtandao, upepo unavuma kwenye simu. Binamu yake kamwonyesha video. Nilishajiandaa kwa matusi. Hakunitukana.

"Umemlisha peke yake," kasema.

Kisha akauliza Rhoda hajambo, nikasema hajambo, akakata.

Nimekasirika! Nimeiokoa gemu yetu wote. Kibuyu cha maziwa tu! Cha kuchora! Nimekichora mimi!

Chapati zilizobaki sikuzitaka.

Jumanne, 8 Julai

Maoni yanaendelea kumiminika. Nyota tano, nyota nne, mmoja analalamika zimwi hana meno ya kutosha. Halafu moja refu, la Nashipai wa Longido. Alicheza toleo la kwanza na kaka yake. Morani alipobaki na kibuyu chake walielewa papo hapo. Wakarudi mwanzo, wakacheza siku mbili kuhakikisha hawamwachi peke yake. Sasa kafungua toleo jipya, jamaa anakunywa tu gizani kama mwizi. Nani kamharibu? Nyota mbili.

Rhoda ndiye aliyenisomea. Alipomaliza akasema, kumbe ndiyo maana Keriako huwa anakusubiri kwa Mama Mashavu.

Nikamwambia hapana, yule anapenda chakula kilichopoa.

Rhoda akanitazama vile anavyomtazama mbuzi aliyeingia jikoni.

Miaka minne. Kila siku ya kazi nachelewa — nanyoa, naongea na fundi baiskeli, nabishana mpira — na yeye kakaa na njaa yake, nzi wanatua. Wenzake wa rika wako Mazingara na Mkata. Hapa mjini mwenzake ni nani? Ni mimi. Kanihesabu bila kuniuliza, na mimi sikuuliza kwa nini hali. Sadala ana nafuu, alikuwa na siku moja tu.

Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Nimempigia. Hapatikani. Nimempigia tena.

Jumatano, 9 Julai

Mstari nimeurudisha. Neno kwa neno, kama alivyouandika yeye. Maandishi ya kufafanua sijaweka, atakayetaka atauliza. Nimemtaarifu Sadala. Kajibu haraka: hitilafu ikirudi, na saba yake anaichukua. Nimemwambia achukue.

Toleo linapanda polepole, bando linakata roho. Rhoda kaniachia simu yake nitumie bando lake, naye kaenda sokoni.

Sasa hivi simu hiyo imeita. Mama Mashavu. Hakusubiri hata nimwamkie. Anamtafuta Rhoda amuulize: yule Mmasai wetu ni mgonjwa? Kashuka kwenye basi la Mkata saa sita, kaagiza wali maharage, na mpaka saa hizi nane sahani iko vile vile. Haongei, hasomi simu. Anataka kumpashia moto, kakataa, kasema bado.

Nikauliza bado nini.

Mama Mashavu kasema hakusema. Kasema tu bado, na anatazama barabarani.

Toleo liko nusu. Nikiondoka na simu hii litakatika na nitaanza upya. Niiache? Nimwambie nini nikifika — nianze na pole, au nivute tu kiti? Shati hili nimelilalia. Nanyoa kwanza —

Hapana, sinyoi! Nimekaa hapa naandika, na chakula kinapoa.