Kwa Chanda, Uliyemfukuza Mtani Kaburini

Mwanangu Chanda,

Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaiandika, maana siku hizi uko kwenu, najua unaisahau. Marahaba. Sasa kaa chini. Mzee Kulwa tumemzika Jumamosi.

Nimeamua barua hii isomwe na yeyote, kwa sababu kisa chako na Kulwa kijiji kizima cha Zombo wanakisimulia, na kila mtu anakiharibu kwa namna yake. Mimi nilikuwepo. Aliyekuwa ndani ya jeneza siku ile alikuwa mume wangu, Kulwa alikuwa hai.

Unakumbuka ulivyokuja? Nilikupokea Mikumi, ukashuka kwenye basi la kutoka Tunduma na begi moja na gitaa, msichana wa Kizambia aliyetumwa na kanisa lake kutuhubiria sisi tuliobatizwa tangu enzi za babu zetu. Nilicheka kimoyomoyo. Lakini ulikuwa mchapakazi, sikufichi. Pale kwangu Magomeni ya Kilosa nilikuwa nikiamka nakuta uwanja umefagiwa, chai iko tayari, na wewe unajaza upepo baiskeli uende Zombo kuwafundisha watoto nyimbo na kusali na wagonjwa. Jioni unarudi na vumbi mpaka kwenye kope, na bado unauliza, "Mama, leo nimekosea nini?"

Na kosa halikukosekana! Umemsalimia mzee wa watu "mambo vipi". Umekataa ugali wa mwenyeji ukidhani unamwonea huruma. Ungekuwa Mzungu wangekucheka na kukusamehe. Wewe ulifanana na sisi, kwa hiyo walisema una dharau.

Ndipo mume wangu akafariki, tukampeleka kwao Zombo. Wingu lilikuwa limetanda juu ya milima, kila mtu anataka tumalize kabla kaburi halijajaa maji. Katekista akakupa usome Neno. Mara akatokea Kulwa, Mnyamwezi, mtani wa mume wangu tangu ujana wao. Amevaa koti la marehemu, anakohoa kikohozi cha mume wangu, anaburuta mguu kama yeye. "Nani kasema nimekufa?" akauliza. "Mke wangu, ugali uko wapi?" Nikacheka, Chanda. Tangu alfajiri sikuwa nimeweza hata kumeza mate, nikacheka. Kisha akateremka kaburini, akaketi, akasema hatoki, nyumba ile ni yake.

Wewe ukafunga Biblia. "Baba, toka humo! Huna haya? Heshimu wafu!" Ukaliinamia kaburi ukamvuta koti mpaka likamtoka begani.

Loo! Kulwa akapanda juu, akalivua koti, akalikunja, akaliweka mikononi mwako, akaondoka. Shemeji yangu mkubwa akalichomeka koleo kwenye udongo. "Mtani akifukuzwa msibani, hatuziki," akasema. Vijana wote wakaweka majembe chini. Mmoja akapayuka, "Arudishwe kwao huyo!" na wengine wakaitikia. Matone yakaanza kudondoka juu ya jeneza. Niliogopa kwa ajili ya mume wangu anayelowa bila kuzikwa, na niliogopa kwa ajili yako, maana sauti zile nilizijua.

Ukamkimbilia Kulwa. Ukampigia magoti kwenye tope, "Nisamehe, baba." Hakugeuka. Ukarudia, unalia. Akazidi kwenda. Hapo nikasahau kuwa mjane hapazi sauti, nikapiga kelele mbele ya ukoo wote.

"We Chanda! Mtani haombwi msamaha! Mtukane!"

Ulinitazama ukidhani nimerukwa na akili. Baadaye uliniambia kwamba hata kwenu watani wapo, bibi yako alikuwa nao, ila kanisani mlifundishwa kuwa ni dhambi. Nadhani bibi yako ndiye aliyekufungua kinywa siku ile. Ulisimama, ukajifuta kamasi, ukapaza sauti:

"Mla michembe wewe! Unakimbilia wapi? Koti limekupwaya, kaburi limekushinda, hata kufa hujui!"

Michembe! Viazi vikavu vya kwao! Nani alikufundisha hilo? Mpaka leo sijui.

Kulwa akasimama. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Akageuka, anacheka mpaka anashika magoti. "Haya, sasa tumepata mtu," akasema, akarudi, akakunyang'anya koti, akawa wa kwanza kushika koleo. Tulimzika mume wangu mvua ikitunyeshea, na hakuna aliyesema tena urudishwe kwenu.

Koti lile Kulwa alilivaa mpaka mwisho. Jumamosi mkewe akanikabidhi. Pale kaburini mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, vijana wamesimama na simu zao, wanaona haya kutania. Kila kitu taratibu, safi, kimya. Roho iliniuma. Kulwa huyu azikwe kimya? Nikalivaa koti. Mimi, mama wa kanisa, na goti langu bovu, nikaketi ukingoni mwa kaburi lake. "Mla michembe wewe, hata kufa hujui!"

Watu wakacheka. Mimi nikangoja anijibu, mwanangu. Nilingoja kweli. Hapo ndipo nilipolia, kwa ajili yake, na kwa ajili ya mume wangu, ambaye siku ile wewe na Kulwa mlinichekesha nikashindwa kumlilia vizuri.

Koti nimelifua, liko kwenye msumari chumbani kwako. Sina wa kumpa hapa. Mabasi ya Tunduma bado yanasimama Mikumi, na njia ya Kilosa unaijua. Siku yangu ikifika, uje ulivae. Na ole wako ulie kabla hujanitukana.

Mama yako wa Magomeni