Mbwa Aliyetoka Mpofi

Kashuga, tarehe 11 Marsi 1951

Kaka yangu Floribert,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Mwili yangu haina neno, isipokuwa baridi inayoingia mu mifupa. Na wewe je? Muke wako Euphrasie na mimba yake, wanaendelea namna gani? Ile goti yako ilivimba, imepona?

Kaka, tangu unifikishe kwa ndoa sijakuomba kitu. Leo naomba. Bwana yangu Damascène anafanya kazi ku shamba ya pareto ya muzungu, anapandaka nyumbani Jumamosi tu, na Jumapili kiisha misa anashuka tena. Mama yake, Mukankusi, hanipigi, hanitukani. Hanisemeshi tu. Akiwa na neno kwa ajili yangu, anaambia ukuta. Kwa watu wengine ananiita "ule wa pori". Kuna siku inaanza na inaisha bila muntu kutaja jina langu.

Panya nao walikuwa wanamaliza mutama mu kitunga na maharagi ya mbegu. Masera wa misioni, wale watawa wanawake, wakanipa paka, jike, rangi ya majivu. Anatembea kama muke wa muzungu, njo maana namuita Madame. Panya wamepunguka. Lakini paka anakuja kwako akitaka yeye. Mimi nataka mwenye kunifuata. Nitumie mutoto wa mbwa zetu za kuwinda. Unajua wewe, tangu mama alikufa tulikuwa tunalala nazo ili tupate joto.

Mimi dada yako mudogo,
Joséphine-Marie


Mpofi, tarehe 20 Aprili 1951

Mudogo wangu,

Barua yako ilifika na dereva wa kamyo. Nimeisoma mbele ya watu wote wa nyumbani, wanakusalimia. Goti inauma wakati wa mvua tu. Euphrasie amezaa mwanaume, tumemuita Barthélemy, jina ya baba. Wewe na shemeki muko wazima? Unakula vizuri?

Mwenye kuleta barua hii anabeba mbwa mu kitunga. Ni dume, mutoto wa jike yangu mwekundu. Jina yake Semeni. Nimemupa jina ile kwa ajili ya watu wa huko kwenu. Waseme.

Sasa sikia namna ya kumuchunga, kwa sababu huko hawajui. Mifupa ya kuku usimupe, inapasuka na kutoboa matumbo. Mupe bugali na muchuzi, na maji safi, si maji ya kuoshea sahani. Kila jioni angalia kati ya vidole vyake: funza utoe, kidonda upake mafuta ya mawese. Kupe uzing'oe na kuzichoma. Alale ndani, chui anapenda mbwa kuliko mbuzi. Mwanzoni umulishe mbali na Madame, mpaka wazoeane harufu. Na usimupige. Mbwa wa kupigwa anajifunza uoga tu. Akikosa, muite jina yake, kiisha nyamaza. Atajua.

Shemeki akikataa, mwambie ni zawadi ya kaka ya muke wake, na mimi sirudishiwi zawadi.

Kaka yako,
Floribert


Kashuga, tarehe 7 Oktoba 1951

Kaka yangu mupenzi,

Namna gani huko? Mutoto Barthélemy ameota meno? Sisi tuko wazima, na mimi niko zaidi ya muzima, utaona mbele.

Semeni amekuwa mukubwa, kifua yake nyeupe, mukia yake imejikunja kama mukono wa kikombe. Nikienda shamba anatangulia, anageuka kuangalia kama nakuja. Madame alimukwaruza pua siku za kwanza. Sasa wanalala pamoja karibu na mafiga, yeye mukubwa chini, ule mudogo juu ya mugongo wake. Watu wanapita kuangalia.

Kuna neno moja nataka ucheke nalo. Mbuzi ya mama mukwe ilipotea mu bonde, Semeni akaenda akairudisha kwa kubweka nyuma yake. Tangu siku ile Mukankusi ameacha ukuta, anasema na Semeni. "Semeni, mwambie mama yako chumvi imeisha." Mimi nami najibu: "Semeni, mwambie bibi yako nitaenda kununua." Tulifanya vile mwezi mzima. Halafu asubuhi moja Semeni alikuwa inje, na yeye akasahau, akasema: "Joséphine, njoo tuchambue maharagi." Kaka, nilikimbia na kitunga mukononi.

Damascène mwanzoni alisema mbwa hawezi kulala mu nyumba ya wakristo. Mama yake akamwambia: "Nyumba ni ya nani?" Ikaishia pale.

Na habari ingine: niko na mimba. Mukankusi ananikataza kubeba maji.

Dada yako mwenye furaha,
Joséphine-Marie


Mpofi, tarehe 15 Februari 1952

Mudogo wangu, sasa mama Athanasie,

Dereva ametuambia umezaa mwanamuke na wote wawili muko salama. Euphrasie alicheza inje mbele ya watu. Maziwa yanatoka vizuri? Mukankusi anakusaidia?

Naandika pia kwa neno baya. Wazimu ya mbwa imeingia kwetu. Karibu na mugodi mbwa moja iliuma watu, na moja wao amekufa, sitakuandikia namna gani, wewe uko munyonyeshaji. Wanasema ugonjwa inapanda kwenu. Mufunge Semeni na kamba, asizurure, asipigane na mbwa ya kigeni. Mbwa akibadilika tabia, mate yakimutoka, akikataa maji, usimuguse hata kama umemulea. Muntu akiumwa, osha kidonda na sabuni na maji mengi, muda murefu, na siku ile ile aende kwa munganga.

Mimi nimefunga zangu zote. Zinanililia kutwa.

Kaka yako,
Floribert


Kashuga, tarehe 28 Aprili 1952

Kaka yangu,

Unaendelea? Watoto? Athanasie ananyonya, anacheka. Mimi niko hai, weka pale.

Semeni amekufa. Hakukufa na ugonjwa. Nilimufunga kama ulivyosema, kamba nzuri, ku nguzo ya nyumba, maji karibu. Neno ya serikali ilikuja: mbwa wenye kuzurura wauawe, wenye kufungwa wangoje sindano ya munganga wa kutibu wanyama. Polisi wa shefu walipita mulima kwa mulima. Walifika kwetu Jumapili, Damascène alikuwako. Polisi mwenyewe aliangalia kamba akasema, "Huyu amefungwa, tuendelee."

Damascène akasema, "Ngojeni."

Kaka, muzungu wa pareto alikuwa anatafuta kapita, musimamizi wa wafanyakazi. Damascène alikuwa amesema mbele ya watu kwamba yeye ni muntu wa kufuata amri, ku kwake hakuna ugonjwa na hakutakuwa. Nikamwambia, "Amri inasema wenye kuzurura." Akasema, "Nikibakisha wangu, kesho nitaamuru nani?" Mukankusi akasema, "Mwana wangu, mbwa huyu amefungwa." Damascène akamupita mama yake. Akafungua kamba na mukono wake, akaita, "Semeni." Mbwa akamufuata, mukia inatikisika, kwa sababu alikuwa hajaitwa na yeye hata mara moja tangu afike. Nilisikia fimbo nikiwa ndani na mutoto.

Nimemuzika mwenyewe nyuma ya ndizi, kwa majani, namna munazikaka mbwa ya kuwinda. Jirani walicheka. Mukankusi alinishikia mutoto mpaka nikamaliza.

Damascène amepata ukapita.

Madame naye alibaki bila mwenzake. Mwezi uliopita alirudi na sikio imepasuka, sijui alipigana na mbweha ao nini, kule mutoni. Ilipona. Lakini kiisha kifo ya Semeni alijificha chini ya kitanda, hakula, analia na sauti ya kiume. Damascène alipomuvuta atoke, akamuuma kidole gumba mpaka mufupa. Kesho yake tulimukuta amekufa mu majani. Nafikiri ni huzuni. Watu wanasema paka hana huzuni, lakini wao hawakuwaona pale ku mafiga.

Dada yako,
Joséphine-Marie


Mpofi, tarehe 19 Mai 1952

Joséphine,

Sisalimii. Dereva wa kamyo alikuwa mugonjwa, barua yako imelala njiani, nimeipata leo, na yeye anangoja hii nikiandika.

Ile si huzuni. Paka naye anashika wazimu ile. Sikio yake njo mulango ilipoingilia. Damascène aende leo ku hospitali kubwa wamupige sindano za tumbo, ni nyingi, wanapiga siku nyingi, asikatae. Kidonda ikipona juu haimaanishi kitu. Ugonjwa unatembea ndani, miezi. Akianza kusikia kidole inawasha, akianza kuogopa maji, hakuna tena dawa. Na wewe, ulimugusa paka na mukono wenye kidonda? Mutoto je? Kama ndiyo, nendeni wote.

Najua namna unamuona sasa. Hata mimi namuona vile. Mwambie hata hivyo.

Kaka yako


Kashuga, tarehe 30 Julai 1952

Kaka Floribert,

Natumaini muko wazima huko. Mimi na Athanasie tuko wazima, paka hakutugusa. Damascène tulimuzika.

Barua yako ilifika Jumapili, Damascène akiwa nyumbani, nikamusomea mara mbili. Akasema, "Kaka yako anataka nipoteze kazi. Kapita wa kwanza mweusi ku shamba ile, niache watu nikalale hospitali kwa ajili ya paka?" Nikamuonyesha kovu ku kidole. Akasema imepona. Mukankusi akapiga magoti mbele ya mutoto wake, nilimuona na macho yangu. Akatoka, akashuka kazini.

Kesho yake nilifunga Athanasie mugongoni nikaenda misioni, nikamwambia Sera Constance. Akatuma enfirmie, muuguzi wao, mpaka ku pareto. Yule akamuuliza mbele ya muzungu, "Uliumwa na paka?" Damascène akajibu, "Nilijikata na panga." Angesema nini ingine? Alikuwa amesema ku kwake hakuna ugonjwa. Enfirmie akarudi. Jumamosi ile Damascène hakupanda, na Jumamosi ilifuata alipanda kunipiga, kwa sababu nilimufezehesha.

Mwanzo wa mwezi huu akaanza kukuna kidole. Halafu homa. Halafu nikamuletea maji, akageuza uso, koo ikajifunga, akaniangalia. Alijua. Alisema, "Usimuite muntu." Nikaita. Walimufunga ku kitanda cha dispanseri, na alikufa akiwa amefungwa. Nilikaa inje ya dirisha mpaka mwisho. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namulilia, vyote mu saa moja.

Sasa kaka yake mukubwa, Kanyamibwa, anasema mbwa wa pori njo aliyeleta. Nikaeleza: Semeni alikuwa muzima, alifungwa, alikufa mbele, ni paka aliyemuuma. Akasema paka alilala juu ya mbwa, mulima wote uliona. Nikamuangalia Mukankusi. Yeye anajua kila kitu. Nikasema, "Mama, waambie."

Akaangalia ukuta.

Dada yako,
Joséphine-Marie


Mpofi, tarehe 14 Septemba 1952

Mudogo wangu,

Nimefika salama kutoka huko kwenu, miguu imevimba tu. Euphrasie aliposikia nimerudi peke yangu, aliacha chakula.

Sikukasirika. Nataka ujue. Kanyamibwa alinipa kiti na kasiksi, ile pombe yao ya ndizi, akasema vizuri kabisa, "Dada yako ni wako, mubebe. Mutoto ni wetu." Nikakuangalia, nikingoja usimame, na wewe ukakaa chini na Athanasie mapajani. Na Mukankusi hakuinua macho hata aliponipa mukono.

Mimi najiuliza kila siku: kama nisingetuma mbwa ile? Halafu nakumbuka barua ya Oktoba na sijui tena. Ukisema neno moja, nitaenda ku tribinali ya shefu nidai mutoto. Nyumba yako iko hapa, majani ya juu nimebadilisha.

Kaka yako,
Floribert


Kashuga, tarehe 3 Marsi 1957

Kaka yangu Floribert,

Salamu kwako, kwa Euphrasie, kwa Barthélemy na wadogo zake ambao sijawaona. Barua zako zote zilifika. Sikujibu kwa sababu Kanyamibwa anasema karatasi kutoka porini zinaleta kitu, na kila moja ikifika, ananiondolea mutoto siku moja ao mbili. Hii naandika ku misioni, Sera Constance ataituma. Usijibu, naomba.

Usiende tribinali. Mutoto ni wa ukoo wa baba, shefu atasema vile, na wewe utarudi na haya. Nalala mu jiko. Nalima, nachota maji, wananipa chakula. Mukankusi amezeeka, macho yanamuishia, mimi njo ninamuongoza inje asubuhi. Hasemi. Siku ingine ananishika mukono kidogo zaidi ya namna inafaa kwa kutembea.

Walisema: mutoto akiacha ziwa, mama aende kwao. Njo sheria walinipa, mbele ya watu, na watu waliitika.

Athanasie anakimbia sasa. Anaimba, anahesabu mbuzi, anakula viazi kama muntu mukubwa. Watoto wenzake wanamucheka. Kila jioni namuita mbele ya watu wa nyumba, anakuja, anapiga magoti kati ya miguu yangu kwa kuwa amekuwa murefu, na ananyonya. Hakuna kitu tena ndani, kaka. Nimemufundisha kumeza.

Dada yako,
Joséphine-Marie