Maombi ya Kunitafutia Kazi

Mbumbuni, Jumatano

Si Mama angeniambia tu asubuhi kwamba wamama wa kanisa wanakuja kuniombea nipate kazi?

Kazi! Walinikuta jasho likinitoka, nikihamisha data yote ya kampuni moja ya bima kutoka seva zao za zamani kwenda seva za kukodi ng'ambo. Ikikwama katikati, wagonjwa wao hawatalipiwa matibabu kesho, na mimi nitakuwa sina kazi kweli.

"Kyalo, funga hiyo kompyuta, wageni wameketi," Mama akasema.

"Mama, niko kazini."

Akawageukia wenzake kwa huruma. "Mnaona? Hivyo ndivyo anashinda. Kwa meza, na suruali ya kulala."

Suruali, ndiyo. Shati lilikuwa la heshima, kwa sababu ya kamera ya mikutano ya kazini.

Nikapiga magoti. Mama Mwikali, kiongozi wao, alinishika kichwa kwa mikono miwili hata nisiweze kuchungulia skrini. Akamkemea pepo wa uvivu kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili, asije akasingizia hakuelewa. Na mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu kwamba data ikihama, mtu haendi hata choo...

Tuliposema ameni, nikafungua jicho moja. Data yote ilikuwa imefika. Haijawahi kuhama vizuri hivyo. Nikapaza sauti, "Asante Yesu!" mpaka Mama akalia.

Wanarudi Jumatano ijayo. Nimeshamwandikia bosi kwamba kazi nyingine ngumu, ya kuhamisha data ya hospitali moja, tuipange siku hiyo, saa za maombi.