Maelezo Kuhusu Silinda Hedi Mbili za Ndugu Wawili

Shahidi: mwanamke, umri miaka 34, ajulikanaye kama Bi Upepo
Kazi: mpima hewa katika karakana ya injini
Makazi: chumba cha nyuma, karakana hiyo hiyo

Ninaeleza kwa hiari yangu mbele ya afande anayeandika. Jina la Bi Upepo nilipewa na ndugu zangu kwa ajili ya mashine yangu. Inavuta hewa kupitia silinda hedi, yaani kile kipande cha juu cha injini, na geji inaonyesha imepita kiasi gani.

Baba yetu amechoka na kazi. Aliagiza kaka yangu mkubwa na mdogo wetu wa mwisho kila mmoja achonge njia za hewa za hedi moja. Ambaye hedi yake itapitisha hewa zaidi, atarithi karakana. "Mashine haina upendeleo," alisema. Mimi sikutajwa.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, asubuhi, nilizipima mbele yao. Ya kaka ilisoma 212, ya mdogo wetu 214. Nikasema, "Baba, hizi zimelingana. Hata hedi moja nikiipima mara mbili, geji huyumba zaidi ya hapo."

"Mbili ni mbili, binti yangu," akajibu.

Kaka alidai nirudie ya kwake. Ikasoma 215. Mdogo wetu akacheka, "Kaka, basi tupime mpaka upate unayoitaka!" Kaka hakucheka. Yuko pale karakana tangu mdogo wetu yumo tumboni. Baba akakata shauri kwamba kipimo cha kwanza ndicho halali. Niliutazama uso wa kaka, nikajua maji yamezidi unga. Nilisema, "Kaka, tafadhali."

Kaka aliichukua hedi ya mdogo wetu mezani, kando ya mashine, akaiinua hadi kifuani, akaiachia. Afande ameniuliza kama alikusudia kumuumiza. Ninachojua ni kwamba alitaka kuivunja hedi. Ila mdogo wetu alikuwa ameichonga wiki nzima, akaikingia mikono isifike chini. Ni chuma kizito. Ilimbana vidole vya kulia sakafuni. Kaka ndiye aliyepiga yowe la kwanza, na ndiye aliyevua shati akamfunga mkono. Mimi nilikuwa nimesimama tu, kidole kingali kwenye swichi. Nina hasira, afande, na sijui nimpelekee nani.

Daktari amesema vidole viwili havitafaa tena kwa kazi. Kaka yuko mahabusu humu humu, nasikia akikohoa.

Nikiwa hapa kituoni baba alipiga simu. Nilidhani anataka kujua hali ya mwanawe. Alisema hedi haikupata hata mkwaruzo, nikitoka niipime tena ili maneno yaishe.

Haya ndiyo niliyoyaona. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akakubali kuwa ni sahihi. Alipokuwa akitia sahihi simu yake iliita mara tatu. Hakuipokea, wala hakuizima.