Klore ya Nusu kwa Nusu

Rugenge, 4 Machi

Yaya Basile, kaka yangu,

Jambo sana. Baridi ya Rurambo imekuacha na kifua? Mama anakula vizuri? Huku tuko wazima, ila kolera imerudi na vitanda vya kituo chetu cha afya vimejaa.

Nakuandikia na hasira. Tuko na mapipa mawili ya maji ya klore, dawa ya kuua vijidudu: moja kali, asilimia tano, ingine asilimia moja. Ya kusafisha ndoo za wagonjwa inatakiwa asilimia mbili. Shefu wetu Sévère anatuamuru tuchanganye nusu kwa nusu, litre kumi na kumi. Ganti za mikono zimepasuka, na Mapendo, mwenzangu wa usafi, ngozi ya mikono inamutoka. Tukilalamika anasema wanawake wa usafi tunapenda kulia. Weye uko mwalimu wa hesabu. Iko sawa?

Mudogo wako, Laurette

Rurambo, 9 Machi

Laurette mudogo wangu,

Kifua kimepona. Mama anauliza kama unachemsha maji ya kunywa.

Haiko sawa. Ile kali tuiite x, nyepesi y. Pamoja ni litre ishirini: x + y = 20. Sasa klore yenyewe: 5x + y = 2 × 20, ni kusema 40. Toa ya kwanza ndani ya ya pili, inabaki 4x = 20. Kali ni litre 5, nyepesi 15. Nusu kwa nusu inatoa asilimia tatu.

Lakini muonyeshe pole pole. Ni shefu, usibishane naye.

Yaya wako, Basile

Rugenge, 17 Machi

Yaya,

Natumaini muko salama. Minye siko salama.

Nilimuonyesha pole pole. Akacheka: "Hapa ni kwa wagonjwa, si darasa." Akamwambia Mapendo aendelee. Mapendo akasogeza ndoo mbele ya Sévère: "Shefu, ingiza mukono wako kwanza." Wagonjwa wote walikuwa wanaangalia. Sévère akaficha mikono mufukoni, akamufukuza kazi.

Na minye nilinyamaza, kwa sababu weye ulisema nisibishane. Mapendo hawezi kushika kijiko, dada yake ndiye anamulisha. Hesabu iliniambia ukweli, yaya. Weye ulinifundisha kuogopa.

Laurette

Rurambo, 21 Machi

Laurette,

Mama amesikia barua yako na hanisemeshi. Uko na haki. Kesho nashuka. Tutapita kwa Mapendo, twende wote watatu kwa daktari mukubwa anayesimamia kituo.

Basile

Rugenge, 6 Aprili

Yaya,

Ulipanda salama? Mwambie Mama nachemsha maji.

Mapendo amerudi kazini, ganti mupya zimekuja, na tunapima tano kwa kumi na tano. Sévère bado iko shefu. Hajaomba samahani. Vidole viwili vya Mapendo havijakunjika mpaka leo.

Karatasi ya daktari imebandikwa mulangoni. Imeandikwa: "Kosa dogo la hesabu limerekebishwa." Kila asubuhi Mapendo anaisoma, anaingia ndani, anaanza kuosha. Minye nikipita pale naangalia vidole vyake.

Mudogo wako, Laurette