Mguu wa Kushoto

Kilwa Masoko, Jumanne 10 Juni. Asubuhi manyunyu, bahari haionekani.

Shikamoo Mama. Leo Bi. Somoe, anayenifundisha kukanda, amenipa mgonjwa wa kwanza, bibi aliyeteleza kisimani. Alisema mgonjwa akilalamika, nirudi nyumbani Rutamba. Nikapasha mafuta ya nazi, nikaanza goti la kushoto polepole, kama ulivyonikanda nilipotolewa plasta mguuni. Mikono ikaenda yenyewe, kama ndotoni. Bibi, aliyeona ninavyochechemea, akacheka: "Mjukuu wangu, huo ni mguu wako wewe. Wangu unauma wa kulia!"

Bi. Somoe akanikazia macho. Bibi akamwambia, "Mwache amalize. Huu nao ulikuwa na wivu."

Nikaikanda yote miwili. Mungu akutunzie mikono yako, Mama. Bibi alipitiwa na usingizi saa nne na robo.

Mwanao, Zuhura